Bingwa na Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kaa vizuri, msikilizaji wangu, na usiwe na haraka, kwa sababu mtu ninayetaka kukueleza hakuwa na haraka, isipokuwa mara chache, na hizo mara chache ndizo zilizomuumiza. Kama hujawahi kucheza chesi, usijali. Mimi nilikaa dirishani pale posta ya Bariadi miaka mingi, nikapiga mihuri kwenye kadi zake za chesi kwa mamia, na mpaka leo sijamaliza mchezo hata mmoja. Nilimwelewa hivyohivyo. Na wewe utamwelewa.

Tulimwita Bingwa. Alikuwa amefundisha historia sekondari, akastaafu, akabaki na kazi mbili ambazo hakuna aliyemtuma: kucheza chesi kwa barua na kuandika historia ya wilaya yetu. Sitakwambia ukoo wake wala mahali alipozaliwa. Yeye akienda kuhoji wazee alianza na majina ya babu zao mpaka wa tatu, lakini ukimgeuzia swali, anakuuliza, "Leo anayehojiwa ni nani hapa?" Basi nami namwachia hapo.

Kwanza nikueleze mchezo, maana bila huo hutamjua. Watu wawili wako mbali, mmoja Bariadi na mwingine, tuseme, Poland. Kila mmoja ana ubao wake mezani. Wa Bariadi akitaka kusogeza askari wake, anaandika kwenye kadi tarakimu nne tu: mbili za kusema askari alipokuwa, mbili za kusema anapokwenda. Anaiweka sanduku la barua. Kadi inakwenda Shinyanga, inakwenda Dar es Salaam, inapanda ndege, na baada ya wiki kadhaa inarudi kadi nyingine yenye tarakimu nne. Mchezo mmoja unaweza kula miaka mitatu. Kila mchezaji ana siku thelathini za kufikiri kwa kila hatua kumi. Siku ambazo kadi iko njiani hazihesabiwi. Ndiyo maana kila kadi inaandikwa imepokelewa lini na imejibiwa lini. Na sheria moja ishike sana: ukishaiposti, huwezi kurudisha. Hata kama umekosea, hata kama umegundua ukiwa bado unatoka mlangoni kwangu, imekwenda.

Aliwahi kutoka mlangoni kwangu akarudi mbio, kofia mkononi.

"Dada wa Posta, sanduku limefunguliwa?"

"Bado. Nikufungulie?"

Alisimama akiliangalia lile sanduku. Kisha akavaa kofia yake. "Hapana," akasema. "Imekwenda."

Ilikuwa bado imo ndani, hatua mbili kutoka alipo. Mchezo huo alishindwa.

Mwaka mmoja alichukua ubingwa wa Afrika wa chesi ya posta. Cheti kilikuja kwenye bahasha ya khaki pamoja na barua za benki na gazeti la kanisa. Nilimkabidhi, akasaini, akasoma, akakunja. Foleni ikataka kujua kuna nini. Nikawaambia.

"Afrika nzima?" akauliza fundi viatu wa pale nje. "Huyu huyu ambaye jana nimemla bao mara nne?"

"Mara tatu," Bingwa akasema.

"Ya nne ulikimbia!"

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Uso kwa uso hakuwa mtu wa kumwogopa. Akicheza bao anakuwa na papara, anachota kete kabla mwenzake hajamaliza kusambaza, anajibu kabla hajaulizwa. Kwa barua alikuwa jiwe, kwa mdomo alikuwa moto wa mabua. Nimewahi kufikiri kwamba aliipenda posta kwa sababu ilimkinga na ulimi wake.

Hata mazungumzo yake yalitoka kwenye kadi. Wachezaji wa posta, ili kuokoa muda, huandika hatua za mbele zenye sharti: ukifanya hivi, mimi nitafanya vile. Alizungumza namna hiyo hata na watoto. "Ukipita kwangu asubuhi, utanikuta kwenye viazi. Ukipita jioni, njoo na kalamu." Mke wa jirani alimpelekea maziwa ya mgando, akamwambia, "Ukileta tena kesho, nitasema usijisumbue. Nikisema usijisumbue, leta."

Sasa miaka niliyokuwa dirishani ndiyo miaka ya soko kufunguliwa. Huenda ulikuwa mdogo. Pamba yetu ilikuwa inanunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja akiita wakulima kwa kipaza sauti. Vijana walifurahi. Kinu cha ushirika cha kuchambulia pamba kikanyamaza, mlango wake ukaota magugu. Posta na simu zikatenganishwa, na kila baada ya muda nilikuwa nabandika karatasi mpya ya bei za stempu. Bingwa aliisoma ile karatasi kama mtu anayesoma matokeo ya daktari. Alikuwa na michezo kumi na miwili kwa wakati mmoja, ikawa minane, ikawa mitano. Huko Ulaya nako kulikuwa kunafunguliwa: mpinzani wake mmoja alianza mchezo kwa stempu za nchi moja na kuumaliza kwa stempu za nchi nyingine, bila kuhama nyumba. "Nchi imeisha kabla ya mchezo," Bingwa akaniambia, akaibandua ile stempu, akaiweka kwenye daftari la historia.

Nimefika kwenye kitabu. Nisikilize polepole hapa.

Alikuwa ameandika kitabu kidogo cha historia ya wilaya, jalada la kijani, nakala mia mbili, kila nakala na namba aliyoiandika kwa kalamu ndani ya jalada. Alivituma kwa posta kwenye shule, parokia, makanisa, ofisi za kata na kwa watu aliowahi kuwahoji, na kila alikokituma aliandika kwenye daftari. Ni kitabu kizuri. Walimu walikisoma darasani kwa sauti, kwa sababu shule ilikuwa na kimoja tu. Na ukurasa wa kumi na tisa ulieleza moto ulioteketeza ghala la pamba la ushirika, miaka mingi kabla. Mstari wa nne kutoka chini ulisema ghala liliungua kwa sababu ya karani wa mizani, Masunga, aliyeacha taa ikiwaka ndani.

Masunga alikuwa hai kitabu kilipotoka. Zamani watu walikuwa wamenong'ona, wakachoka, wakasahau. Sasa watoto wa darasa la tano walikuwa wanalisoma jina lake kwa pamoja. Akahamia Nassa, akawa anauza dagaa, na haukupita muda mrefu akafia huko. Mjane wake alibaki ukingoni mwa mji wetu na wajukuu. Huyo mama hakujua kusoma, lakini alijua siku ambazo Bingwa huja posta, na kila baada ya mavuno alikuja kumsubiri kwenye benchi.

"Mwangaluka, baba," anamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Bingwa anamjibu, yaani mama. "Umekuja na karatasi?"

"Nimekuja na mdomo. Mume wangu hakuwepo siku ya moto. Alikuwa ameshakabidhi funguo, yuko Shishiyu kwenye kituo cha kununulia. Mimi ndiye niliyemfungia michembe, viazi vikavu vya kula njiani."

"Mayu, mimi nina taarifa ya ofisi. Ina tarehe, ina muhuri, ina jina lake. Wewe niletee karatasi nami nitaandika."

"Karatasi naitoa wapi? Kwenye chungu?"

Foleni inacheka. Yeye anageuka. "Chekeni. Wajukuu zangu wakienda shule mnawaita akina Choma-Pamba. Wa kike ameposwa mara mbili, mara mbili wamerudi nyuma. Chekeni tu."

"Kitabu kimeshatoka, mayu," Bingwa anasema, na sauti yake inaanza kuharakisha. "Ni kama kadi. Ikishaingia kwenye sanduku, imeingia."

Niliyasikia hayo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliendelea kupiga mihuri. Naye hakuwa mtu mbaya. Nakuomba usimwone hivyo. Alikuwa amefundisha kizazi kizima kwamba mtu anayetaka kuamini jambo aulize ushahidi uko wapi. Tatizo ni kwamba mama yule alikuwa amekaa mbele yake, na yeye alikuwa anaangalia karatasi.

Ofisi za ushirika zilipofungwa, mafaili yalitolewa nje. Mengine yaliliwa na mchwa, mengine yalichukuliwa na wauza karanga, na mji mzima ukawa unakula karanga kwenye vikaratasi vya takwimu za pamba. Bingwa alikaribia kulia. Kisha akaanza kuzinunua. Alizunguka soko zima, stendi na minada, ananunua karanga, anawamwagia watoto karanga zenyewe, anakunjua kikaratasi, anakinyoosha kwa mkono, anakiweka kwenye mfuko. Watoto walimpenda sana mwaka ule.

Siku moja, saa nne hivi asubuhi, aliingia posta akanisukumia karatasi moja chini ya dirisha. Bado ilikuwa na chumvi.

"Dada wa Posta, nisomee. Miwani yangu siiamini."

Upande wa mbele ulikuwa taarifa ya moto: tarehe, muhuri, kwamba moto ulianzia kwenye taa iliyoachwa ikiwaka ndani, na jina la Masunga kama mtu aliyeandikishwa kutunza funguo za ghala. Nikaanza kumsomea.

"Huo naujua," akasema. "Huo niliunakili mwenyewe. Geuza."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko uleule, unaendelea. Ulisema kwamba ingawa daftari lilikuwa bado na jina la Masunga, yeye alikuwa amekabidhi funguo Jumatatu na kwenda kituo cha Shishiyu. Moto ulitokea Alhamisi. Na mlinzi wa zamu alikiri kwamba yeye ndiye aliyeacha taa ikiwaka.

Niliposoma mpaka mwisho akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Nilipewa nusu saa na lile faili," akasema. "Nikanakili mbele. Sikugeuza." Akaushika ukingo wa dirisha langu kwa mikono miwili. "Maisha yangu yote kadi zina hatua upande mmoja, na nyuma ni anwani. Mkono haukujua kwamba kuna cha kugeuza."

Jumamosi ile aliniomba niende naye kwa mjane. Nadhani aliogopa ulimi wake. Tulimkuta anaanika viazi juani. Bingwa akavua kofia, akaamkia, akasoma karatasi pande zote mbili, bila kuharakisha, na mama akaendelea kupanga vipande vya viazi kimoja kimoja mpaka aliposikia jina la Shishiyu. Hapo akaacha.

"Kwa hiyo karatasi imepatikana."

"Imepatikana, mayu."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema hayohayo."

"Hayohayo?"

"Neno kwa neno, mayu. Mpaka Shishiyu."

Nilitegemea mama atamtukana, na nafikiri hata yeye Bingwa alitamani atukanwe. Lakini mama akauliza tu, "Sasa?"

"Sasa vitabu viko mikononi mwa watu. Siwezi kuvikusanya. Ni vingi, na vingine—"

"Uliwapelekea kwa miguu gani?"

"Kwa posta."

"Basi vifuate kwa posta."

Hivyo ndivyo alivyofanya. Alikuwa na daftari, namba kwa namba. Alichukua kadi zake za chesi, zilezile, na pale pa kuandika tarakimu nne akaandika kwa mkono: fungua ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa nne kutoka chini, ukate, na uandike hivi, kisha nijulishe kwamba umefanya. Kadi mia mbili. Na stempu zilikuwa zimepanda tena.

Wakati huohuo alikuwa anautetea ubingwa wake. Ilibaki michezo mitano, na mimi nilijua tarehe zake kwa sababu kadi zilipita mkononi mwangu.

"Bingwa," nikamwambia, "muda wako na yule mpinzani wako wa Poland unaisha Ijumaa."

"Najua."

"Na hali yako si mbaya. Ulisema una farasi mzuri pale ubaoni."

"Ni mzuri sana."

"Basi mpelekee moja. Moja tu."

Akanionyesha bando la kadi za siku hiyo, zimefungwa kwa uzi. "Nikimpelekea yeye, humu nitoe ipi?"

Nilitaka kumlipia stempu ile, akakataa. Alisema kosa halikuwa la posta. Michezo yote mitano ilikufa kwa muda kupita, mmoja baada ya mwingine. Yule wa Poland akaandika barua nzima kuuliza kama rafiki yake ni mgonjwa. Bingwa aliikunja akaiweka mfukoni. Najua hakuijibu, kwa sababu ingepita kwangu.

Majibu yalianza kurudi. Kila lilipokuja moja alilipeleka kwa mama kwa miguu, akamsomea. Mimi nilienda mara mbili tatu.

"Hii imetoka Maswa, mayu. Mwalimu mkuu."

"Amefuta?"

"Amekata, ameandika. Anasema amewasomea watoto wote mstarini."

"Jina amelitaja?"

"Amelitaja."

"Haya. Nyingine?"

"Leo ni hiyo tu."

"Haya. Kesho."

Yalikuwa hayajafika hata nusu mama alipofariki. Siku ya mazishi Bingwa alikuja na jibu jipya mfukoni, kutoka parokia moja ya upande wa ziwani, karibu na alikozikwa Masunga. Watu walipopewa nafasi ya kusema neno, alisimama, akatoa kadi. Mtoto wa kwanza wa marehemu akamwendea, akamshika mkono kwa heshima kabisa, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia:

"Mzee wangu, kaa. Ulishatusomea vya kutosha."

Akakaa. Nakueleza hili si kwa kumwonea. Nakueleza kwa sababu wengi walidhani angeacha baada ya hapo, maana aliyekuwa anamdai neno lile hayupo tena. Jumatatu alikuwa dirishani kwangu na bando lake.

Nilistaafu, nikahamia kwa binti yangu, na kwa muda tukapoteana. Mara ya mwisho nilimwona nyumbani kwake Somanda. Macho yalikuwa yameisha. Mjukuu wake wa kike, mwalimu, alikuwa anamnywesha uji. Ubao wa chesi haukuwa mezani. Mezani kulikuwa na lile daftari tu.

"Ni Dada wa Posta," nikasema.

"Dada gani? Si umekuwa bibi sasa." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Soma ambazo hazina alama."

Nikasoma namba zisizo na alama ya kujibiwa. Alisikiliza zote.

"Ngapi?"

Nilisita. Unajua jinsi mtu anavyotaka kumpunguzia mgonjwa.

"Usinipunguzie," akasema.

"Thelathini na moja."

Mimi kwa huruma nikasema lile ambalo watu husema. "Bingwa, wewe ulichukua Afrika nzima. Wangapi wamefika hapo?"

"Hilo halimdhuru mtu," akasema. "Likae lilivyo. Chukua daftari."

Alifariki wiki ileile. Tangu hapo nimevipata vitabu viwili: kimoja kwenye duka la vitenge Lamadi, kilikuwa kinashikilia mlango usifungwe na upepo, kingine kwenye kabati la shule, chini ya mipira iliyopasuka. Vimebaki ishirini na tisa. Mjukuu wa kike wa Masunga, yule aliyerudishiwa posa, sasa ni mtu mzima na ana watoto wanaokwenda shule. Siku tulipoonana sokoni aliniuliza vimebaki vingapi, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuchagua nyanya.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Angalia nyumbani kwenu, kanisani, kwenye kabati la shule. Kitabu ni chembamba, jalada la kijani, ndani kuna namba ya kalamu. Ukikipata, fungua ukurasa wa kumi na tisa. Hesabu mistari minne kutoka chini. Kata kwa mstari mmoja mwembamba, maneno ya zamani yaendelee kusomeka, ili anayekuja ajue tulikosea wapi. Pembeni andika: Masunga alikuwa ameshakabidhi funguo, hakuchoma ghala. Kisha waite watoto walio karibu, usome ulichoandika kwa sauti, na jina ulitaje.